Wana Kigoma, mbunge wetu alipiga kura gani?

Wa Katubuka: Wakuu, juzi kijiwe cha Mwanga kilichafuka, watu walitaka kushikana mashati kisa nani alikuwa mbunge bora wa Kigoma Mjini. Kila mtu anataja hotuba. Nikauliza: huyo wako alipiga kura gani kwenye muswada wowote ule? Kimya. Nashauri tuwe na daftari la jimbo: kura, maswali aliyouliza, fedha za Mfuko wa Jimbo, matokeo ya kila uchaguzi. Mnasemaje?

Mzee wa Gungu: Kwenye kura utaandika nini, mwanangu? Spika anasema wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unavuma, imepita. Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, inabaki na maneno yale yale: "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Nani alisema ndiyo na nani alifumba mdomo, hakuna alama. Kura ya kuita jina kwa jina ni ile ya bajeti, mwezi wa Juni.

Bangwe Ziwani: Na hiyo ya bajeti nani wa chama tawala ataikataa? Katiba ibara ya 90 inasema Bunge likigoma kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mtu ajikatie tawi alilokalia? Mimi wangu ni Zitto. Tangu achukue Kigoma Mjini 2005 tulikuwa na sauti.

Mama Kibirizi: 2005 Zitto alichukua Kigoma Kaskazini. Mjini alikuwa Serukamba, 2005 na 2010. Zitto kaja Mjini 2015 na ACT, 2020 akaingia Ng'enda wa CCM. Kama hata hili linatuchanganya, daftari linatakiwa jana. Mimi nina swali moja tu: Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, nani alisimama kutusemea sisi waanika dagaa? Miezi mitatu chanja tupu, na watoto wanasoma. Nataka tarehe na maneno yake.

Bangwe Ziwani: Jimbo nimekosea, mtu sijakosea. 2007 Zitto alisimamishwa ubunge kwa lipi kama si hoja yake ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi? Na mtaonaje kura wakati 2016 TBC iliacha kurusha Bunge moja kwa moja, eti gharama, bilioni nne na ushee?

Reli ya Kati: Wenye uchungu na daftari wengi mko Dar. Hamjala mgebuka mbichi miaka mitano, leo mnatufundisha mbunge wetu.

Wa Katubuka: Mimi naishi Mbagala, sifichi. Mama yangu nimemzika Ujiji mwaka jana, siku mbili kwenye treni, nauli ya watu sita nimetoa mimi. Kadi yangu ya kura ni ya Katubuka. Usinipimie ukigoma kwa samaki.

Reli ya Kati: Sijamgusa marehemu, Mungu amrehemu. Nasema anayekunywa maji ya Mbagala hajui shida ya maji ya hapa.

Bangwe Ziwani: Hapo Reli umevuka. Nusu ya nyumba za Mwanga zimejengwa kwa pesa za watoto wa Dar.

Reli ya Kati: Kwa hiyo na kura ni zao?

Mzee wa Gungu: Punguzeni. Uchaguzi mdogo wa 1994 CCM ilitangazwa mshindi hapa Mjini, Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani, ushindi ukatenguliwa. Matangazo ya Redio Tanzania yalipelekwa mbele ya jaji. Hakuna aliyeulizwa analala wapi, waliuliza ushahidi uko wapi.

Wa Katubuka: Asante mzee. Ila Reli aniombe radhi kwanza.

Reli ya Kati: Kwa lipi? Na hizo za Mfuko wa Jimbo mbunge anatia mfukoni, daftari litasaidia nini?

Mama Kibirizi: Hazipiti mfukoni mwake. Sheria ya 2009: fedha zinaingia halmashauri, mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayopanga mradi upi upewe. Ndiyo maana nataka orodha: shule ipi ilipewa mabati mangapi, na yako juu ya paa au yako stoo. Hili halihitaji Hansard wala televisheni, ni kutembea na kuhesabu. Jumatatu nikishaanua naenda manispaa kuiomba. Nani anakuja?

Mzee wa Gungu: Nitakuja, miguu ikikubali.

Wa Katubuka: Mama, ukiipata ipige picha uiweke hapa. Nitaipanga yote kwa mwaka na kwa kata.

Reli ya Kati: Nakuja mimi. Nina pikipiki, kata zote nitazizunguka. Lakini picha anapiga mtu wa Kigoma.

Wa Katubuka: Umeanza tena.