Nguvu ya mahindi inapotelea wapi ndani ya gunia? Msaada wa simulesheni

Punje_Kavu:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, namodeli gunia la mahindi kwenye Yade, programu ya kuigiza mwendo wa punje moja moja. Jumla kilo 90. Punje ni matufe, gunia ni ganda laini la pembetatu zilizoungwa (PFacet). Limekaa sakafuni, halijaegemea kitu.

Nikijumlisha nguvu zote ambazo punje zinasukuma ganda napata kama niutoni 1,400. Sakafu inasoma wastani wa 883 tu. Hizo 500 na ushee anakula nani? Na sakafu yenyewe haitulii, inacheza kati ya 800 na 960. Msimamizi anataka jibu Ijumaa. Nisaidieni kwanza, kunicheka baadaye.

FundiNamba:
Mkuu unajumlishaje? Vekta, yaani pamoja na mwelekeo, au ukubwa tu?

Punje_Kavu:
Ukubwa. Kila mguso naongeza.

FundiNamba:
Basi hakuna mwizi. 90 mara 9.81 ni 883, sakafu yako inasema kweli. Punje za ubavuni zinasukuma ganda kwenda nje, za kushoto huku, za kulia kule. Msukumo huo unabebwa na mvutano wa kitambaa chenyewe, kama mkanda wa suruali baada ya pilau. Sakafu haina habari nao. Jumlisha sehemu ya wima peke yake, utapata uzito wa mahindi.

Kuhusu kucheza: unapima lini?

Punje_Kavu:
Sekunde 0.2 baada ya kulidondosha.

FundiNamba:
😂 Umelirusha chini halafu unalipima likiwa linadunda. Subiri litulie. Dampingi (breki ya kihesabu inayotuliza mtikisiko) ya kawaida ya Yade ni 0.2, ipandishe wakati wa kutuliza tu. Ukipima mdondoko usiiache juu, maana isipozuiwa inapunguza hata mvutano wa dunia.

Bi_Mekanika:
Naongezea, maana wengi wanadhani ganda ni bomba: nguvu inaingia ndani, inatokea nje. Hapana. Punje ikigusa pembetatu, nguvu inagawiwa kwa nodi zake tatu, yaani kona zake, kulingana na ukaribu. Punje inayosukuma kwa niutoni 2 karibu na kona moja inaweza kuipa kona hiyo 1.2, ya pili 0.6, ya tatu 0.2. Nodi zinasogea, viungo vinavutika na kupinda, vinavuta nodi jirani. Sakafu inajua baadaye, pale ganda linapoikandamiza. Ule ni mguso mwingine kabisa, una hesabu yake.

Kwa hiyo ukubwa wa pembetatu una maana. Zako zina upande gani? Na unene?

Punje_Kavu:
Upande sentimita 5, punje milimita 8. Unene milimita 2. Gunia halisi ni kama nusu milimita, ila nilinenepesha ili simulesheni iende haraka.

Bi_Mekanika:
Hapo ndipo pana tatizo lako la kweli, mwanangu. Pembetatu moja haipindi katikati, kwa hiyo punje kadhaa zimekaa juu ya kibao bapa. Na ugumu wa kupinda unakua kwa unene kipeo cha tatu: umeongeza unene mara 4, ugumu umepanda mara 64. Ukigawa moduli ya Young (ugumu wa malighafi yenyewe) kwa 4, mvutano unarudi sawa lakini kupinda bado ni mara 16. Hilo ni pipa, siyo gunia.

Punje_Kavu:
Mrejesho. Wima imekubali, sakafu imetulia 883. Nimepunguza pembetatu hadi sentimita 1.5 na unene nusu milimita. Tumbo la gunia limefutuka vizuri kabisa. Ila sasa punje zinachomoka kama risasi.

FundiNamba:
Hatua ya muda, ule muda mdogo programu inaoruka kila hesabu, ni ileile ya jana?

Punje_Kavu:
Ndiyo.

FundiNamba:
Nodi zimekuwa nyepesi, hatua salama inashuka pamoja na mzizi wa pili wa (masi kugawa kwa ugumu); ukiizidi, hesabu inalipuka na punje zinaruka. Ihesabu kwa nodi nyepesi kuliko zote, siyo kwa punje. Na ujiandae, kompyuta italala macho.