Rekodi ya Crested Cranes: mechi za kufuzu WAFCON 2022 naziandikaje?

Ukutani_Jinja:
Habari zenu wadau. Naandaa jedwali la rekodi ya Crested Cranes, timu yetu ya taifa ya wanawake ya Uganda, la kubandika kwenye ubao wa michezo shuleni, nimekwama kwenye kufuzu WAFCON 2022 (Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake). Ethiopia tuliitoa, lakini mechi ya marudiano tulifungwa. Niandike ushindi au kipigo? Kenya nayo hatukucheza nayo kabisa, je, niweke 3-0? Na kule Morocco, kwenye mashindano yenyewe, tulilingana pointi na Burkina Faso, sasa nani wa tatu?

KaraniWaMabao:
Mechi ni kitu kimoja, kuvuka ni kingine. Ukivichanganya kwenye safu moja hesabu haitakaa sawa hata siku moja. Oktoba 2021 tulishinda 2-0 nyumbani, tukafungwa 2-0 Addis Ababa. Hapo una ushindi mmoja na kipigo kimoja, mabao mawili ya kufunga, mawili ya kufungwa. Jumla ikawa 2-2, mikwaju ya penalti ikatuvusha. Penalti zipe safu yake pembeni, mabao yake usiyajumlishe popote. Kama ingekuwa mechi moja ya mtoano iliyoisha kwa sare, basi ungeandika sare hata kama timu imebeba kombe kwa penalti.

Kenya walijiondoa mapema 2022, wakati soka lao limeingia kwenye mgogoro wa shirikisho na serikali. Tulipita mezani. Usiandike 3-0, kwa sababu hakuna mpira uliopigwa: mechi zilizochezwa 0, mabao 0, na maelezo mafupi "Kenya ilijiondoa". Kwa hiyo safari nzima ya kufuzu ni mechi mbili tu. Wengi hukosea hapa, wanampa mfungaji hewa mabao matatu, halafu jumla ya mabao inagoma kulingana na orodha ya wafungaji.

Mto_Nile:
Morocco tulikuwa wa nne, mkiani kundi A. Senegal 0-2, Morocco 1-3, Burkina Faso 2-2. Tulifunga 3, tukafungwa 7, tofauti -4, pointi moja. Burkina nao walikuwa na pointi moja, maana walifungwa 1-0 na Morocco na 1-0 na Senegal. Timu zikilingana pointi, CAF (shirikisho la soka Afrika) huangalia kwanza walipokutana wenyewe kwa wenyewe; pale ilikuwa sare, ndipo ikaangaliwa tofauti ya mabao ya kundi zima. Wao -2, sisi -4.

Kuna watu bado wanalia kwamba bao moja tu dhidi ya Burkina lingetupeleka robo fainali. Si kweli. Tungeshinda 3-2 tungekuwa na pointi 3 na tofauti ya -3, nafasi ya tatu. Makundi yalikuwa matatu, walioshika nafasi ya tatu wakavuka wawili bora tu: Tunisia (pointi 3, tofauti 0) na Botswana (pointi 3, tofauti -1). Ili kuwapita Botswana bila maswali tulihitaji kuifunga Burkina kwa tofauti ya mabao manne. Mashindano yalituponyoka kwenye mechi mbili za kwanza, pale tulipoachia mabao matano.

Ukutani_Jinja:
Asanteni sana, hiyo ya mezani ndiyo iliyokuwa inanivuruga. Na CECAFA (kombe la Afrika Mashariki na Kati) ya Njeru niiweke palepale 2022?

KaraniWaMabao:
Mwaka ni huohuo, jedwali lingine. Fainali ilikuwa 11 Juni 2022, Uganda 3-1 Burundi, taji letu la kwanza la CECAFA kwa wanawake. WAFCON ikaanza 2 Julai, wiki tatu baadaye. Ubingwa wa CECAFA haumpi mtu tiketi ya WAFCON, kwa hiyo usiuweke kwenye safu ya kufuzu.

Angalia pia usichanganye mashindano ya Njeru. Njeru iliandaa CECAFA ya wakubwa 2016 (Tanzania wakabeba), ya chini ya miaka 20 mwaka 2021, kisha hii ya 2022. Ile ya 2021 ni ya vijana, hata kama unawatambua baadhi ya wachezaji, haiingii kwenye rekodi ya timu ya taifa ya wakubwa.

Mto_Nile:
Nyongeza kuhusu miaka. Weka safu mbili: jina la mashindano, na tarehe mechi ilipochezwa. WAFCON 2020 ilifutwa kwa sababu ya korona. WAFCON 2024 imechezwa Julai 2025, lakini Algeria walitutoa kwenye kufuzu tangu Septemba 2023. Ukiwa na safu moja ya "mwaka" mechi zile utaziweka wapi?

Na usisahau mstari wa 2000, Afrika Kusini. Timu nane, tukaishia makundi. Baada ya hapo hatukurudi fainali hadi 2022, kwa hiyo mistari ya katikati iandike "hatukufuzu" au "hatukushiriki" baada ya kukagua kila mwaka. Sifuri usiweke, sifuri maana yake tulikwenda tukafungwa.