Dawa za sonona na ujauzito: wana Tanga, tupeane uzoefu

Mama Makorora:
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu ana mimba ya miezi miwili na anatumia sertralini kwa ajili ya sonona. Mtaani wameshamjaza hofu: atazaa zezeta, aache leo leo. Mliopitia haya, watoto wenu wakoje sasa?

Binti Pangani:
Asiache kwa maneno ya watu, dada! Mimi nilikuwa natumia fluoksetini. Mama mkwe akazificha, akasema nina mashetani, nikapelekwa kwa mganga. Baada ya wiki kadhaa sonona ikarudi na nguvu zake zote. Silali, sili, kliniki siendi, nawaza kufa tu. Mume wangu ndiye aliyenirudisha kwa daktari. Tukaelezwa kwamba sonona isiyotibiwa nayo inamfikia mtoto: anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Nikaendelea na dawa mpaka nikajifungua. Siku za mwanzo mtoto alitetemeka, analialia, ziwa halishiki. Manesi walikuwa wanajua natumia nini, wakatubakiza wodini wamwangalie. Yakaisha yenyewe. Yuko darasa la pili sasa, anasoma vizuri mno, mashallah.

Mama Wawili, Chumbageni:
Wangu alichelewa kusema, na mimba yake nilitumia amitriptilini. Roho iliniuma sana. Ila kaka yake nilimbeba bila dawa yoyote, naye alichelewa vilevile.

Nesi wa Muheza:
Mama Wawili, umegusa penyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi na Kanada walilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alitumia dawa hizi, mwingine hakutumia. Kwa usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu, hawakuona tofauti ya maana. Ule utetemekaji wa Binti Pangani tunaufahamu, kwa kawaida hauzidi wiki mbili. Kati ya dawa za sonona, paroksetini ndiyo madaktari wengi huikwepa mimba ikiwa changa, kwa ajili ya moyo wa mtoto. Na msichanganye na valproeti, ya kifafa na bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi): hiyo kweli inadhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Hata hiyo mtu asiikatishe mwenyewe, amwone daktari haraka abadilishiwe.

Mama Makorora:
Mungu awabariki. Kesho namsindikiza hospitali ya Bombo na dawa zake zote mkobani. Nesi, na kunyonyesha je?

Nesi wa Muheza:
Sertralini inapita kidogo sana kwenye maziwa. Anyonyeshe.