Psion 5mx: OPL, Python ya zamani, au nihamie mashine nyingine kabisa?

mtunzi_wa_tanga

Wakuu habari zenu. Nina Psion Series 5mx, ile kompyuta ya mkononi iliyotoka 1999, kibodi bado tamu na kioo kizima. Nataka niipe kazi moja tu: kuhesabu mizani, yaani silabi, za mashairi ninayotunga nikiwa safarini. Natunga ya kawaida, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) 8, utao (nusu ya pili) 8, mshororo mzima 16. Najua simu inaweza. Sitaki simu, nikiishika tu meseji zinaingia na ubeti unayeyuka.

Kinachonisumbua ni lugha ya kuandikia programu. OPL imo humo humo kwenye mashine. Kuna pia Python 1.5.2 iliyohamishiwa EPOC, mfumo wa hizi Psion. Halafu kuna jamaa ananishawishi niachane na yote nitafute kompyuta nyingine ya mkononi, Zaurus au HP 200LX. Mliowahi kuandika programu kwenye vidude hivi, tieni neno.

fundi_redio

OPL, bila kupepesa macho. Lugha hiyo imekulia Psion. Ilikuwemo kwenye Organiser II ya 1986, kidude chenye mistari miwili ya herufi 16, na hadi inafika kwako imeshazoeana na kila kitu kilichomo: menyu, visanduku vya maswali, michoro, hifadhidata. Unafungua Program, unaandika, unabonyeza Translate, unaendesha. Huweki kitu chochote cha ziada.

PROC mizani%:(m$)
LOCAL i%,n%
i%=1
WHILE i%<=LEN(m$)
IF LOC("aeiou",MID$(m$,i%,1))
n%=n%+1
ENDIF
i%=i%+1
ENDWH
RETURN n%
ENDP

Vigeu vya LOCAL vinaanza na sifuri vyenyewe, na LOC haibagui herufi kubwa na ndogo. Ukitaka kisanduku cha kuandikia mshororo ni dINIT, dEDIT, DIALOG, basi. Python utakayoweka humo itakuachia dirisha la maandishi matupu.

BintiKilindini

Fundi, nakuheshimu, ila programu yako itamwaibisha mtunzi wa watu. Ipe mshororo huu:

Nimekaa barazani, mtu kaja na mzigo

Ukihesabu kwa vidole ni 16. Programu yako itasema 14, kwa sababu inahesabu vokali tu. Ile m ya "mtu" na ile ya "mzigo" kila moja ni mizani kamili, na hazina vokali.

Kwa Python 1.5.2 hilo linaisha kwa mstari mmoja, moduli ya re, ya kutafuta ruwaza za herufi, ilikuwa tayari ipo:

n = len(re.findall('[aeiou]|m(?=[cdfghjklmnprstz])', string.lower(s)))

Yaani vokali, au m inayofuatwa na konsonanti. Nimeacha nje w na y kwa sababu "mwana" ni mwa-na. Nimeacha b na v pia, sababu nitaisema nikiulizwa.

Jambo la pili, mafaili. Mtunzi hataandika mshororo mmoja mmoja kwenye kisanduku, atakuwa na utenzi mzima kwenye faili. Kwenye Python ni open na readlines, umemaliza. Kwenye OPL kusoma faili la maandishi ni IOOPEN, kisha IOREAD kwenye anwani ya kumbukumbu unayoipata kwa ADDR, kisha POKEB uiambie mashine neno lina urefu gani. Fundi anajua, ndiyo maana kanyamaza.

Ubaya wa Python hiyo ni uzee wake. Hakuna +=, lazima uandike n = n + 1. Hakuna s.lower(), ni string.lower(s). Ile namna ya kuunda orodha ndani ya mabano ya mraba pia haimo, ilikuja na toleo la 2.0 mwaka 2000. Mtu aliyeanzia Python ya leo atakwazwa kila mstari wa tatu. Unicode, mpangilio wa herufi za lugha zote, nayo haijui, lakini sisi hilo halituumi: Kiswahili hakina herufi yenye kofia wala mkia, na ile alama ya ng' imo kwenye ASCII, seti ya zamani ya herufi za kawaida.

fundi_redio

Sijanyamaza, nilikuwa nakula. Kanuni ya m hata OPL inaiweza, ni kuongeza IF nyingine humo ndani. POKEB nakubali ni kero, lakini unaiandika mara moja unaisahau.

mzee_wa_DOS

Vijana mnahangaika. HP 200LX, 1994, prosesa ya familia ya 80186 yenye kasi isiyofika hata megahezi 8, na MS-DOS 5.0 imechomwa ndani ya mashine. Betri mbili za AA kama hiyo Psion. Daftari lake, MEMO, linahifadhi maandishi ya kawaida, siyo faili la siri linalotaka kugeuzwa kwanza. Tafuta awk, lugha ndogo ya kuchambua maandishi, ya DOS ya biti 16, weka hii kwenye faili mizani.awk:

{ s = tolower($0)
n = gsub(/[aeiou]/, "&", s) + gsub(/m[cdfghjklmnprstz]/, "&", s)
print n, $0 }

Halafu awk -f mizani.awk shairi.txt. Kila mshororo unatoka na hesabu yake kushoto. gsub kazi yake ni kubadilisha maandishi, lakini pia inarudisha idadi ya ilivyobadilisha, na "&" inarudisha kilekile kilichokuwepo. Kwa hiyo shairi halidhuriki.

Kioo chake hakina taa, nalisema mwenyewe kabla sijasemwa. Usiku utahitaji balbu.

mtunzi_wa_tanga

Shikamoo mzee. Hiyo awk imenikaa, ila 200LX sina na Psion ninayo. @BintiKilindini, nakuuliza sasa: kwa nini umeacha b na v?

mzee_wa_DOS

Marahaba.

BintiKilindini

Kwa sababu "mbuzi" ni mbu-zi, mizani 2, lakini "mbaya" ni m-ba-ya, mizani 3. "Mvua" ni mvu-a, "mvuvi" ni m-vu-vi. Herufi zilezile mwanzoni, hesabu mbili tofauti. Hakuna kanuni ya herufi itakayokutenganishia hayo, m ya "mbaya" na ya "mvuvi" ni kiambishi cha ngeli, na mashine haijui ngeli. Dawa ni kuweka orodha ya maneno: mbaya, mbunge, mbegani sijui, mvuvi, mvinyo, unaongeza kila unapokutana na jipya. Kwenye Python orodha hiyo ni kamusi ya mabano ya mawimbi, unauliza has_key unajibiwa.

fundi_redio

Hapo umeingia uwanja wangu. Orodha inayokua ndiyo kazi ya hifadhidata, na OPL inayo ndani ya lugha yenyewe: CREATE, APPEND, FIND. Ukizima mashine maneno yapo. Kwenye Python utalazimika uandike pia sehemu ya kuhifadhi na kusoma tena.

BintiKilindini

Mistari minne.

nukta_tatu

Kuna anayetaja Palm, zile kompyuta za mkononi za kuandika kwa kalamu? Kwa kazi hii iacheni. LispMe ni Scheme safi sana na Plua ni Lua, zote zinaandikwa mlemle mkononi, na hata Python ilihamishiwa huko kwa jina la Pippy. Tatizo ni kuandika. Kwenye Graffiti, mwandiko wa kalamu wa Palm, kila alama ya uandishi inataka ugonge nukta kwanza ndipo uichore. Andika hiyo re ya dada juu, yenye mabano, alama ya kuuliza na mabano ya mraba, uone kama utatunga tena shairi siku hiyo. Na memo ya Palm za mwanzo ilikuwa na kikomo cha kilobaiti 4, utenzi mrefu haukai.

pwani_linux

Jamaa wa Zaurus huenda ndiye mimi, haha. SL-5500 ilitoka 2002: Linux, prosesa ya StrongARM ya 206 MHz, ram megabaiti 64, nafasi ya kadi za CF (CompactFlash) na SD. Python ya familia ya 2 inakaa bila manung'uniko, na skripti unayoiandika kwenye kompyuta ya mezani unaihamisha ilivyo. Kwa upande wa programu hakuna mshindani humu.

Lakini mtunzi ni wa safari. Betri ya Zaurus ni ya kuchaji na haifiki mbali, ya Psion unanunua kwenye duka lolote linalouza tochi. Na kibodi ya Zaurus ni vitufe vya kubonyeza kwa dole gumba. Kwa mtu anayetunga, mimi mwenyewe ningebaki na 5mx.

fundi_redio

Mtunzi, ukibaki nayo, kumbuka diski C: ya Psion ni ram. AA zikiisha na kibetri cha akiba, CR2032, nacho kiwe kimekufa, mashairi yote yanakwenda na maji. Weka kila kitu D:, yaani kadi ya CompactFlash, iwe imefomatiwa FAT16. Kadi hiyohiyo utaichomoa na kuisoma kwenye kompyuta bila kutafuta waya wa serial.

mtunzi_wa_tanga

Nimewaelewa. Naanza na Python kwa sababu ya mafaili, kadi ninayo. Mashairi yaliyomo kwenye Word ya Psion nitayatoa kwanza kama maandishi ya kawaida. Fundi usinune, kisanduku chako cha OPL nitakiweka kwa ajili ya kupima mshororo mmoja nikiwa ndani ya basi.

Ila nimeijaribu kanuni kwa macho tu na nimekwama: nchi, nge, nta, nne. Zote ni mizani mbili, na m haimo hata moja.

BintiKilindini

Neno lenye vokali moja, linaloanza na n au m na konsonanti nyuma yake, lipe 2. Toa ny na ng'. Inakamata hata "mbu" na "mbwa", maana m-bu na m-bwa ni mbili mbili. Itabidi ukate mshororo maneno kwanza kwa string.split.

mzee_wa_DOS

awk inakata maneno yenyewe. Sijasema kitu.