Mrejesho: tulivyonunua mboga wenyewe kutoka Mgeta

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza: sisi kaya kumi na mbili hapa Kimara, Dar es Salaam, tunawezaje kuchangishana tununue mboga moja kwa moja kwa wakulima wa Mgeta, kule milimani Morogoro, bila kupitia masoko ya Ilala wala Mabibo? Mlisema tuanze kidogo na tulipe mapema. Tumefanya.

Safari ya kwanza ilituumbua. Nyanya zilipakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, zikiwa zimeiva kabisa, zikafika rojo. Mkulima mwenyewe, mama mtu mzima, akatucheka kwenye simu: nyanya ya safari huchumwa ikianza tu wekundu. Sisi wa mjini tungejulia wapi!

Kubwa zaidi ni mizani. Viazi tunalipa kwa kilo, hakuna lumbesa. Yule mama kazoea hiyo lumbesa, yaani gunia kujazwa mpaka lishonewe kilemba juu, na bei ibaki ya gunia moja. Nilipomtumia hela kabla ya mzigo kupakiwa, alinipigia kuuliza kama nimekosea namba.

Bei kwetu haijashuka sana, nauli inakula. Ila karoti tamu, na hakuna aliyejitoa. Jumamosi tunaagiza njegere.