Warsha ya siku moja si mafunzo: wahadhiri tumeachwa tujifunze kufundisha kwa kubahatisha

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikifundisha chuoni, na katika miaka yote hiyo hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kuingia darasani kwangu, akakaa nyuma, akanisikiliza nikifundisha, kisha akaniambia ni wapi ninakosea. Hata hivyo, kila muhula unapokwisha ninaletewa karatasi yenye wastani wa alama nilizopewa na wanafunzi, na karatasi hiyo ndiyo inayotazamwa inapofika zamu ya kupandishwa cheo. Ninahukumiwa kwa kazi ambayo chuo hakijawahi kunifundisha wala kunisaidia kuifanya.

Wiki iliyopita tuliitwa tena kwenye warsha, na mada ilikuwa mbinu shirikishi za ufundishaji. Mwezeshaji alisoma slaidi neno kwa neno kwa takribani saa tatu, muda mwingi akiwa ameupa ukumbi mgongo. Mwenzetu anayefundisha fizikia alinyoosha mkono akauliza afanyeje katika darasa la wanafunzi mia mbili, ambalo viti vyake vimefungwa sakafuni na hakuna nafasi ya kugeuka, akaambiwa maswali yatajibiwa mwishoni. Ulipofika mwisho tulisaini orodha ya mahudhurio, tukapiga picha ya pamoja, tukagawiwa vyeti, na swali lile halikujibiwa hadi leo. Sasa itaandikwa ripoti kwamba wahadhiri wote wamejengewa uwezo.

Simlaumu mwezeshaji, kwa sababu naye alipewa siku moja na ukumbi uliochanganya watu wa uhandisi, uuguzi, historia na hesabu. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza jambo ambalo kila mwalimu mzoefu analijua, kwamba kulijua somo ni kitu kimoja, na kujua namna ya kumfanya mwingine alielewe somo hilohilo ni ujuzi mwingine: ujue wanafunzi hukwama wapi katika mada ile, mfano upi huwafungua na upi huwapoteza zaidi. Ujuzi huo haupatikani katika mafunzo ya jumla, wala hauji pamoja na shahada ya uzamivu. Miaka niliyoitumia kuandika tasnifu ilinifundisha kutafiti, lakini haikunifundisha kutunga mtihani wala kumtambua mwanafunzi anayeitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa ilhali ameachwa mbali.

Wanaolipa gharama ya uzembe huu ni wanafunzi. Mwaka 2014 Scott Freeman, mwanabiolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, wakaona kwamba katika madarasa ya mihadhara mitupu walioanguka walikuwa karibu asilimia 34, ilhali pale wanafunzi walipofanya kazi na kujadiliana walikuwa karibu asilimia 22. Nikikumbuka vijana wanaoondoka chuoni baada ya kurudia kozi moja mara mbili, siwezi kulichukulia pengo hilo kuwa tarakimu tu.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wetu hawataki kulisikia. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika madarasa ya fizikia na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi walioshirikishwa walifanya vizuri zaidi katika jaribio, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara laini. Maana yake ni kwamba mhadhiri anayejitahidi kubadilika anaweza kushushwa na zile karatasi za alama za wanafunzi wakati wanafunzi wake wanafaidika. Halafu tunaulizwa kwa nini walimu wengi wanang'ang'ania maandishi yao ya zamani.

Msaada wa kweli nimeupata mara moja tu, nao haukutoka ofisini. Mwalimu mmoja mkongwe, ambaye sasa amestaafu, aliniomba akae darasani kwangu akiwa na saa na daftari. Baada ya kipindi alinionyesha ukurasa wenye safu mbili: upande mmoja maswali niliyouliza, upande wa pili sekunde nilizosubiri kabla sijajijibu mwenyewe. Safu ile ilisomeka moja, moja, mbili, moja, sifuri, moja. Nilikuwa nikiamini kwamba wanafunzi wangu ni wazito, kumbe nilikuwa siwapi nafasi ya kuvuta pumzi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi wa Marekani, aliliandika jambo hili tangu mwaka 1974: walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja, na wakisubiri tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanaojitokeza huongezeka. Yule mzee hakunihubiria. Alinipa ukurasa, akarudi baada ya wiki tatu, akahesabu tena. Kule kurudi ndiko kulikonibadilisha, na ndiko kusikokuwepo katika warsha zetu.

Wala hili si jambo la kuanza kubuni leo. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianzisha kituo chake cha kushughulikia ufundishaji na ujifunzaji mwaka 1962. Norwei iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba mwalimu wa chuo kikuu awe na angalau saa 200 za mafunzo ya ualimu wa ngazi hiyo. Saa mia mbili, ndugu zangu, nasi tunapewa saa sita na cheti.

Ninachodai ni kwamba saa za kujifunza kufundisha zihesabiwe ndani ya mzigo wa vipindi badala ya kuibwa siku za mapumziko. Kwamba kila idara iwe na mtu aliyeandaliwa kukaa katika madarasa ya wenzake na kurudi tena. Na kwamba anayoyaona huko yabaki kati yake na mhadhiri, yasiingie kamwe kwenye faili la kupandishwa cheo, kwa sababu hakuna atakayefungua mlango akijua kwamba mgeni amekuja kumtafutia makosa. Wahadhiri wa muda nao waitwe. Kwetu ndio wanaobeba madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, na hata ile warsha mbovu hawakualikwa.

Nimeandika barua mbili kwa ofisi ya taaluma. Ya kwanza haikujibiwa, na ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba fungu la mafunzo la mwaka huu limekwisha kutumika. Limetumika kwenye warsha ile. Barua ya tatu ninaiandika sasa, kwa hiyo mhadhiri yeyote ambaye idara yake imeanza utaratibu wa wenzake kukaa darasani na kurudi, naomba aeleze hapa walivyopanga saa na ni nani aliyeidhinisha, ili niambatishe.