Trela ya sola "wati 3000, washa chochote" imeshindwa kuchemsha maji ya chai

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kupeleka wageni kambi, safari za kubanana, trela nyuma ya Land Cruiser. Juzi nikajilipua, nikanunua trela iliyokwisha kufungwa sola: paneli 2 za wati 100 juu ya paa, betri, inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), friji ndogo, taa, na birika la umeme wakanipa kama nyongeza. Muuzaji akaigonga inveta kwa kidole: "Wati 3000 hizi mzee, washa chochote." Kibandiko kweli kinasema 3000, mimi ni nani nibishe?

Safari ya kwanza, Ziwa Natron, pale Engare Sero. Wanaopanda Ol Doinyo Lengai huondoka usiku mkubwa ili jua liwakute juu, kwa hiyo saa nne usiku wageni wanataka kahawa, chupa za chai zijae, taa za kichwani ziwe na chaji. Nikabonyeza birika. Inveta ikalia piiii, taa zikafifia, giza. Nikarudia. Piiii. Friji nayo chali, na ndani mna kuku wa siku mbili. Wageni wanne wamesimama na vikombe mkononi wananitazama mimi.

Niliporudi Arusha nikamwita fundi tukafungua lile sanduku. Wakuu! Betri ni N100 ya gari. Hiyo imetengenezwa kupiga stata sekunde chache, siyo kunyonywa usiku kucha. Na hata ingekuwa ya sola: volti 12 mara ampea 100 ni wati-saa 1200, na betri za aina hii ukizishusha chini ya nusu unaziua. Basi nina 600. Friji peke yake, wati 50 ikiwaka jumla ya masaa 12 kwa siku, imeshazimaliza hizo 600 zote. Ndiyo umeme wangu wote niliouziwa.

Nyuma ya inveta kuna maandishi madogo ya kusomea tochi: 3000 ni za kupokea mshtuko wa sekunde moja mbili, za kudumu ni 1500. Birika ni wati 2000. Birika WALILONIPA WAO.

Bado waya. Betri wameiweka mbele kwenye mkono wa trela, inveta nyuma kabisa jikoni, na katikati wamepitisha waya wa milimita 10, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi. Birika kama lile kwenye volti 12 linavuta ampea zaidi ya 160. Volti karibu 2 zinapotea njiani kabla hazijafika kwenye inveta, betri yenyewe imeshalegea, inveta inaona chini ya 10 na kujizima. Na fyuzi hakuna. Hakuna kabisa! Waya ule ungeshika moto na mtungi wa gesi uko hatua moja pembeni.

Paneli nazo wamezigandisha bapa kwa gundi juu ya bati. Natron mchana hakuna mtu atakayekaa juani, unatafuta kivuli chochote. Sasa ukiegesha kivulini, paneli hazili. Ukiegesha juani, friji inahangaika na wewe unaiva. Paneli ya kambini iwe na waya mrefu, uiegemeze juani huku trela iko kivulini. Hilo hata mtoto anayechaji simu kwa sola kijijini analijua.

Nimewapigia. Jibu: "Umezidisha mzigo, kaka." Kisha wakasema niongeze pesa wanifungie betri ya pili. Pesa yangu niiongeze kwenye waya ule ule?

Ninachotaka: betri ya kweli ya sola, waya mnene na mfupi, fyuzi, paneli zibanduliwe. Birika wachukue, nimesharudi kwenye gesi, mtungi wa kilo 6 unachemsha bila kelele. Wamenipa mpaka Ijumaa niamue, kana kwamba mwenye deni ni mimi.

Fundi wa Arusha au Moshi aliyewahi kurekebisha trela ya namna hii aje PM. Na kama wewe ni muuzaji na unataka kuniambia "wati 3000", pita kimya.